Ubeti wa Kumi na Mbili

Jumamosi saa nne asubuhi Eustolia Cházaro alikuwa jikoni kwake, mjini El Jobal, akipaka unga wa mahindi uliokandwa kwenye majani ya mgomba, afunge tamale za kupika kwa mvuke na kuuza ngomani jioni. Alikwisha kufunga thelathini na kitu aliposikia mdomo wake unaimba. Ulikuwa ule wimbo wa mwanamke anayefua shati mtoni na kuyauliza maji mwenye shati yuko wapi. Mdomo ukapita ubeti wa kumi na moja, uliokuwa wa mwisho, ukaanza mwingine, na neno la kwanza la ubeti huo lilikuwa Leobardo. Eustolia akajiziba mdomo kwa kiganja chenye unga. Leobardo alikuwa mwanawe.

Tangu enzi za bibi zao wimbo ulikuwa na beti sita. Wa saba ulikuja wenyewe kwenye sherehe ya ubatizo, mwaka wa mafuriko. Watu wote waliuimba kwa pamoja, na hakuna aliyekuwa ameutunga. Ulimtaja Nabor, dereva wa lori aliyepotea, ukakitaja na kisima kikavu alimokuwa. Wakaenda kuchimba, wakamkuta, mkanda ungali kiunoni. Baada yake zikaja beti nyingine nne, kila mmoja na mtu wake. Watu wa El Jobal hawakulifanya jambo hilo kuwa kubwa. Wapiga gitaa walianza kubeba nyuzi za akiba, na wazee wakaomba waletewe viti, kwa kuwa wimbo ulikuwa umerefuka. Watu waliupenda kuliko zamani. Waliuimba harusini, kwenye foleni ya gesi, na wakibembeleza watoto. Waliwahi kuzipeleka beti hizo kwenye ofisi moja ya serikali, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri. Karani akawaeleza kwa upole kwamba jalada la kesi halifunguliwi kwa wimbo, maana wimbo hauna sahihi ya mtu.

Leobardo alikuwa ametoka na lori la miwa Januari ya mwaka juzi. Lori lilikutwa kando ya barabara, limezimwa vizuri, ufunguo juu ya kiti. Tangu hapo, kila Jumamosi, Eustolia aliuza tamale karibu na jukwaa la kuchezea mpaka ubeti wa kumi na moja, kisha akakumbuka kwenda kunawa mikono kwenye bomba la mbali. Ninfa, mke wa Leobardo, alibaki akiimba kwa sauti kubwa kama mtu anayegonga mlango. Walikuwa wamegombana kwa hilo mara moja tu. Ninfa alisema amechoka kulala na swali. Eustolia akamjibu kwamba asiyetajwa bado anakula mahali fulani.

Jumamosi hiyo Eustolia alifunga mdomo ubeti usije ukamtoka. Ninfa alipouliza chumvi iko wapi, alimwonyesha kwa kidole. Alijipigia hesabu kwamba usiposikiwa na mtu haujaimbwa, na kama haujaimbwa, mwanawe anapumua.

Ngoma ilianza jua lingalipo. Crisóforo, kinyozi aliyeongoza magitaa, alianzisha wimbo, wanawake wakapanda jukwaani na visigino vyao vikaanza kugonga mbao. Ubeti wa kumi na moja ukaisha. Eustolia akafunika sufuria ili aende bombani. Hapo watu wote wakafunga midomo. Magitaa yakapiga ubeti mzima bila maneno, na visigino vikanyamaza. Yakazunguka tena, na midomo ikabaki imefungwa. Mara ya tatu ndipo Eustolia alipoelewa kwamba ubeti ulikuwa umewafika wote, saa ileile ya asubuhi, nao walishinda wameung'ata kwa ajili yake.

Ninfa akaja kusimama kando ya sufuria yake.

"Unao, mama?"

"Ninao."

"Mimi pia. Nilikuwa nafua, nikakaa chini palepale. Uimbe wewe, mama. Mimi nitakushika."

"Usiwe na haraka, Mama Eustolia," alisema Crisóforo bila kuinua macho. "Sisi tunazunguka tu hapa. Vidole vinavyochoka ni vyangu."

Magitaa yakazunguka mara mbili zaidi. Kisha Eustolia akaimba:

*Leobardo yuko chini*
*ya sakafu kituoni,*
*saruji i kifuani,*
*shati lake li kambani.*

Watu wakaupokea. Evodio, mkuu wa kituo cha polisi, alikuwa amesimama penye meza ya bia. Alikuwa na sauti nzuri na hakuwahi kukosa ngoma. Naye aliupokea, neno kwa neno, na visigino vikaanza tena.

Jumatatu wakwe hao wawili walikwenda kituoni. Mkuu aliwapa viti. Sakafu ilikuwa ya saruji, laini, imemwagwa Februari ya mwaka juzi. Ninfa aliomba ivunjwe. Mkuu alieleza kwamba sakafu ni mali ya serikali, kuivunja kunataka kibali, kibali kinataka jalada, na jalada linataka shahidi aliyeona.

"Wimbo ni mzuri, mama," alimwambia Eustolia. "Mimi mwenyewe naupenda. Lakini niandike nini hapa? Kwamba nimesikia ngomani?"

Eustolia hakubishana. Alimuuliza jambo moja tu.

"Yuko upande gani?"

Mkuu aliitazama sakafu kidogo. Kisha akainuka, akaishika meza yake kwa mikono miwili, akaisogeza hatua mbili kuelekea dirishani. Akakaa tena na kuendelea kugonga mihuri.

Mpaka leo meza iko dirishani na sakafu ni nzima. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi askari wa zamu humfungulia Eustolia mlango. Yeye huvua viatu, akasimama peku pale meza ilipokuwa, viatu mkononi, mpaka wenye shida zao wanapoanza kupanga foleni.