Feni Zisizotulia

Baba alihamia kwa binti yake alipoanza kupotea njia akiwa mtaani kwake mwenyewe, na shangazi akaja naye ili amtunze. Binti alikuwa mhariri wa filamu, kazi yake akiifanyia nyumbani. Chumba chake cha kazi na chumba walichompa mzee vilitenganishwa na ukuta mwembamba, na tangu wiki ile ya mwanzo mzee hakutulia.

Chanzo kilikuwa kompyuta. Ilikuwa mashine kubwa, ya aina ile inayopozwa kwa maji: pampu ndogo inasukuma maji yapite juu ya prosesa, ubongo wa mashine, maji yanabeba joto hadi kwenye rejeta, na feni za rejeta zinalipuliza nje. Binti akigusa kipande cha picha, feni zinapanda kwa mvumo. Akiacha, zinashuka. Akigusa tena, zinapanda tena. Yeye alikuwa ameshazoea. Alivaa spika zake za masikioni akaendelea na shughuli. Lakini baba alikuwa amemaliza ujana na utu uzima wake akilinda majenereta kwenye kituo cha umeme, na masikio yake hayakuwa yamestaafu. Kila mvumo ulipopanda, alisimama.

"Injini inakimbia," alimwambia shangazi, akaanza kutafuta viatu.

Shangazi alimbembeleza akae. Mvumo ukashuka, akakaa. Ukapanda, akasimama. Ikawa hivyo kutwa nzima, mpaka shangazi naye akawa hakai, anazunguka tu kutoka jikoni hadi sebuleni bila kukumbuka alichofuata.

Mchana mmoja shangazi alitoka uani kuanika nguo. Binti alikuwa akitoa nakala ya filamu ambayo mwongozaji alikuwa ameidai tangu asubuhi, simu juu ya simu, na prosesa ilikuwa imeelemewa. Feni zililia kwa nguvu zote. Mlango ukafunguliwa, baba akaingia pekupeku, akainama nyuma ya meza na kuchomoa waya ukutani. Skrini ikawa nyeusi.

"Nimeizima," alisema baba huku anahema, uso umejaa fahari. "Ingelipuka hii."

Binti alimfokea. Hakuwahi kumfokea baba yake maishani, na sauti iliyomtoka hakuitambua. Alimwambia amemharibia kazi, na kwamba hakuna injini humu ndani wala haijawahi kuwepo. Mzee akautazama ule waya mkononi kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe, hajui amweke wapi. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni.

"Samahani, mkuu," alisema. "Sikujua zamu hii ni yako."

Shangazi aliingia na beseni lake, akamshika kaka yake mkono na kumtoa taratibu, bila kumlaumu mtu. Binti aliuokota waya akauchomeka tena ukutani.

Alipoweza kuongea sawasawa alimpigia fundi aliyemuundia kompyuta ile, ambaye watu wote walimwita Skrubu. Skrubu alimsikiliza, akakiri kwamba feni alikuwa ameziacha kama zilivyotoka kiwandani, zikifuata joto la prosesa. Joto hilo hupanda na kushuka kufumba na kufumbua, akamweleza, lakini maji hupata joto polepole na kupoa polepole. Aiambie kompyuta ifuate joto la maji. Pampu asiiguse, aiache izunguke kwa mwendo mmoja.

Binti aliwasha mashine, akafungua programu ya kupangia feni. Kulikuwa na mstari uliopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na vitone vya kuvuta kwa kipanya. Akabadilisha kipimo, kutoka prosesa kwenda maji. Kisha akavuta vitone vya mwanzo mpaka chini kabisa, ili feni zisizunguke hata kidogo wakati maji yangali baridi. Zikapungua, zikapungua, zikanyamaza. Alivuta pumzi kwa mara ya kwanza siku ile, akarudi kwenye kazi yake.

Hakufika mbali. Upande wa pili wa ukuta alisikia kabati likifunguliwa, kiti kikiburutwa, na shangazi akisihi. Baba akatokea mlangoni, amevaa koti, vifungo vimepishana.

"Mbona kimya?" aliuliza, na safari hii alikuwa na hofu kweli. "Mji mzima utakuwa gizani. Hospitali je?"

Binti akaelewa. Kwa mzee, kimya kilikuwa kibaya kuliko mvumo. Mvumo ulimtaka akimbie, lakini kimya kilimaanisha amechelewa. Hakumbishia. Alimvutia kiti karibu na meza, akamwomba asikilize, kisha akaanza kuvuta vitone juu, kidogo kidogo.

"Hapa, baba?"

Mzee akatikisa kichwa. Binti akavuta tena.

"Na hapa?"

Baba aliweka kiganja juu ya kasha la kompyuta, akafumba macho. "Ongeza kidogo," alisema. Kisha: "Basi. Iache hapo."

Binti akaufanya mwendo ule kuwa wa chini kabisa, feni zisishuke chini yake, na sehemu ya mstari iliyobaki akailaza, ipande kwa mwinuko mdogo sana. Akaanza kutoa filamu upya huku jicho liko kwenye kipimo. Maji yakapata joto, feni zikaongeza mwendo, lakini polepole kiasi kwamba sikio halikujua. Joto la prosesa halikuvuka mpaka. Alipogeuka, baba alikuwa amelala kitini na koti lake.

Mwongozaji alipata filamu yake jioni ile, akalalamikia rangi.

Si kwamba mzee amepona. Kuna siku bado anamtafuta mama yao, yeye na shangazi, na siku nyingine anamwita binti kwa jina la shangazi. Ila mchana analala. Kompyuta haizimwi tena, hata kazi isipokuwepo, na binti hawezi kuona taa zikififia bila kuinuka. Akitoka kwenda dukani, hupanga foleni akiwa amekunja ngumi mfukoni, na kabla hajafika nyumbani huwa ameshaanza kutega sikio, asikie kama mvumo bado upo.