Kipitisha Uzi cha Baba

Baba yangu, Jabez Entwistle, alitengeneza kipitisha uzi kisichohitaji mdomo. Katika viwanda vya nguo vya kwetu Lancashire, kila uzi ulipoisha kwenye mashine, mfumaji alichukua kipitisha uzi, kile kibao kinachobeba uzi huku na huko, akaweka mdomo kwenye tundu lake na kunyonya mpaka uzi mpya utokeze. Mara mia tatu kwa siku. Tuliita kubusu.

"Zillah, umebusu kuliko maharusi wote wa Blackburn," Hepzi wa mashine ya jirani alinitania. "Na bado hujaolewa!"

Nilicheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Niliacha shule nikaingia kiwandani nikiwa na miaka kumi na miwili, na kufikia ishirini meno yangu ya mbele yalikuwa yameoza kwa kubusu huko.

Kile cha Baba kilikuwa na mfereji ubavuni, uzi unaupitisha kwa kidole. Hataza yake ilimpa miaka kumi na minne ya kukitengeneza peke yake. Kwa miaka kumi na mitatu wenye viwanda walikikataa. Walipoanza kukitaka, ilibaki miezi minne tu, kisha kila mtu angekitengeneza bila kumuuliza. Baba akaomba kuongezewa muda. Sheria ilimruhusu mvumbuzi aliyepata kidogo kuliko alichostahili, mradi kosa lisiwe lake.

Tukaenda London mbele ya majaji watatu. Wakili wa wenye viwanda alisema, "Mzee huyu alilala. Kama kifaa ni kizuri, mbona hakikununuliwa?"

Wakili wetu akaniita mimi.

"Binti, toa mkono mdomoni, hatukusikii," alisema jaji mkubwa.

Baba alitikisa kichwa. "Si lazima, mwanangu."

Niliushusha mkono.

"Baba hakulala, mheshimiwa. Kila mwaka alikwenda kwa bosi wangu, nami nikimbebea sanduku. Bosi alimjibu vilevile kila mara: 'Chako, Jabez, itanibidi nikinunue. Midomo ya wasichana ninayo tayari.'"

"Meno huozeshwa na sukari," wakili wa wenye viwanda akadakia.

"Kwetu sukari ni ya Jumapili, bwana. Na ingekuwa sukari, yangeoza hata ya nyuma." Nikaachama ili waone.

Kisha nikatoa kwenye mfuko wa aproni kipitisha uzi cha zamani, cheusi kwa mafuta na mate ya wanawake sita waliokitumia kabla yangu. Nikamnyooshea wakili huyo.

"Kibusu mara moja tu, bwana. Zile nyingine mia mbili na tisini na tisa nitakusamehe."

Alikipokea, akakigeuza, akatoa leso na kuifuta midomo yake kabla hata hajakigusisha. Halafu akakiweka mezani, mbali naye.

Nikachukua cha Baba, nikapitisha uzi kwa kidole kimoja.

Majaji walimwongezea Baba miaka saba. Jaji mkubwa alisema thamani ya kifaa ameiona, na uzembe wa mvumbuzi hakuuona.

Jumatatu Hepzi alipiga kelele juu ya mngurumo wa mashine, "Haya, London ikoje?"

Nilimsimulia yote, mikono yangu yote miwili ikiwa kazini.