Risasi Tano za Mtutu Baridi

Dwight Pell hawezi kuona kitu cha zamani bila kutaka king'ae. Nyuma ya karakana ana gurudumu la kung'arishia linalovuma siku nzima kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Bunduki inayoingia mlangoni na makovu yake hutoka haina sura. Herufi za kiwandani zimefutika, matundu ya skrubu yamebonyea kama vitovu. Kisha huipaka vanishi, tabaka juu ya tabaka, na wanaume wa mji wetu, wanaojisifu kwamba wanazijua bunduki kuliko wanavyowajua wake zao, huja kumpa mkono.

Mimi nilisomea kazi hii miaka miwili chuoni Colorado. Nikarudi Montana, nikaajiriwa na Dwight kwa sababu hakuna karakana nyingine ndani ya maili tisini. Huniita Profesa. Jina langu ni Marit.

Bunduki ya Bi Opal Kittredge ililetwa Septemba. Ilikuwa ya baba yake, bunduki ya wenzo, ile unayoikoki kwa kusukuma mbele chuma kilicho chini ya kifyatulio na kukirudisha. Risasi hukaa kwenye bomba chini ya mtutu, na pete mbili za chuma huvifunga pamoja mtutu, bomba na ubao wa mbele wa kushikia. Ilihitaji springi mpya na kusafishwa, basi. Niliandika hivyo kwenye kadi ya kazi. Dwight aliisoma kadi, akacheka kwa pua, akaipeleka bunduki kwenye gurudumu.

"Profesa anataka tumrudishie mteja uchafu wake," aliwaambia wale wawili wanaoshinda kwenye viti vyetu wakinywa kahawa ya bure. Walicheka. Wao hucheka hata akipiga chafya.

Siku ya kuipima tulikwenda naye uwanja wa shabaha. Alipiga haraka haraka, akikoki kama anayepiga pampu, huku mimi nikimpa risasi. Zile za kwanza ziliangukia chini kabisa ya kadi ya shabaha. Akaendelea kupiga mpaka mtutu ukawa moto wa kukaangia yai, na kadiri ulivyopata moto risasi zilipanda. Zilipofika katikati na tatu zikagusana, alisimama, akakata kipande hicho cha kadi kwa kisu chake na kukitia mfukoni.

Nilijua alichofanya. Mtutu wa bunduki ya aina hii ukipata moto hurefuka, na kwa kuwa umefungwa na bomba na ubao, hauna pa kwenda ila kujipinda. Mwindaji hapigi risasi ishirini. Hupiga moja, mtutu ukiwa baridi kama jiwe, na mnyama hamsubiri auchemshe. Nilitaka kusema akiwa bado anapiga. Ulimi ulifika kwenye meno, nikampa risasi nyingine.

Alhamisi Bi Opal alikuja kuichukua. Ana miaka sabini na mitatu, goti moja bovu, na kofia ya pamba ambayo nadhani hulala nayo. Mwaka huu, baada ya kuomba miaka kumi na minne mfululizo, jina lake lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya vibali: kulungu dume mmoja, kwenye milima iliyo nyuma ya shamba lake, ambayo msimu wote huitazama kutoka dirisha la jikoni. Hapo kaunta kila mtu alijua hatapata kibali kingine akiwa hai, na yeye alijua kuliko wote.

Aliigeuza bunduki mara mbili mkononi.

"Inang'aa kama bomba la bafuni," alisema.

"Mpya kuliko siku ilipozaliwa, mama," Dwight alisema, akaweka kile kipande cha kadi mezani. "Yadi mia. Tazama mwenyewe."

"Baba alikuwa amechonga alama hapa kwenye kitako."

"Ile michubuko? Nilikusafishia. Wala sikutozi."

Bi Opal alipitisha kidole mahali alama zilipokuwa, akaondoka.

Kwao kuna sharti, na katika bonde letu wote wanalijua kwa sababu wote wamelicheka. Hakuna Kittredge anayepanda mlimani mpaka bunduki yake itie risasi tano mfululizo kwenye sahani ya karatasi, zile za keki, kwa yadi mia. Risasi moja kila asubuhi, mtutu ukiwa umelala nje kwenye baraza. Ikikosa moja, unaanza upya. Baba yake aliweka sharti hilo baada ya kumjeruhi mnyama na kumfuata siku mbili bila kumpata.

Ijumaa alirudi, na sahani nzima mkononi, haina hata tundu.

"Imepiga udongo," alisema. "Kiganja kizima chini ya sahani."

Dwight alitabasamu kwa ile huruma anayowawekea wanawake na wageni. "Mama, bunduki umeiona kadi yake. Mimi nisingeitazama bunduki. Ningeyatazama macho."

"Macho yangu yamekuona wewe vizuri tu."

"Na mikono je? Kibali si lazima ukitumie. Panda na mwanao Lyle, umchukulie thamosi ya chai."

Wale wa kahawa walicheka. Bi Opal alikunja sahani, akatoka. Nami, sijui miguu ilipata wapi amri, nilimfuata mpaka kwenye gari lake.

"Mtutu ulikuwa moto," nilisema. "Alipoipima. Alipiga karibu ishirini ndipo akakata kadi."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyempa risasi."

Alinitazama. "Na jana ulikuwa umesimama pale pale kaunta."

"Ndiyo."

"Una zana zako mwenyewe, au nazo ni zake?"

"Zangu."

"Jumapili basi. Karakana imefungwa. Sitakupikia."

Jumapili niliifungua bunduki juu ya meza yake ya jikoni. Kazi ya Dwight ilikuwa mbovu kuliko nilivyodhani. Alimwaga vanishi hata ndani ya ubao wa mbele, mahali ambapo hakuna jicho litakaloingia, kwa uvivu tu wa kutopaziba kabla ya kupaka. Ubao ulikuwa umeubana mtutu kama kiatu cha mtoto kwenye mguu wa mtu mzima, na skrubu za pete alizikaza kwa nguvu za mtu anayetazamwa. Nilikwangua vanishi yote, nikapiga msasa mpaka karatasi nyembamba ikapita kati ya ubao na mtutu, nikalilegeza bomba lipumue. Kisha tulipiga. Moja, tukasubiri saa nzima. Nyingine, saa nzima. Kila mara nilipandisha kilengeo cha nyuma kidogo kidogo, mpaka risasi ya baridi ikatua katikati ya sahani.

Alinipikia. Mayai na viazi, naye akala amesimama.

"Chuoni wanafundisha kusubiri?" aliuliza.

"Hapana. Wanafundisha hesabu yake."

"Mm."

Jumamosi iliyofuata ndiyo siku msimu ungefunguliwa. Jumatatu, saa mbili asubuhi kabla ya kazi, nilikuwa kwake. Mfuko wa mchanga juu ya meza ya nje, bunduki nyeupe kwa umande ulioganda, risasi moja. Goti lake halipendi yadi mia za majani yenye barafu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda kuleta sahani. Tundu lilikuwa karibu na katikati. Jumanne, vidole vitatu kando ya lile la kwanza. Jumatano na Alhamisi vivyo hivyo. Kila siku nilifika kazini na kumtazama Dwight akisimulia jinsi alivyoiokoa bunduki ya ajuza, nami nilikuwa na raha ambayo sikuwahi kuwa nayo pale ndani. Nilimdharau kwa utulivu, kama mtu anayekula peremende kimya kimya. Nilimwona mdogo, na nikaona mimi si kama yeye.

Ijumaa Lyle, mwanawe Bi Opal, alikuwa ameshawafunga farasi kwenye trela. Ni mtu mpole wa miaka hamsini, bado anamwogopa mama yake. Alisimama barazani na kikombe.

"Hii ikiingia tunaondoka saa sita, Mama. Hema nimeshapakia."

"Kunywa kahawa yako."

Alivaa glavu, akazivua, akakaa. Nilikuwa pembeni yake. Niliona kidole kikivuta kifyatulio badala ya kukibana, niliona bega likitangulia mlio. Kisha nikaenda kuileta sahani.

Risasi ilikuwa imeingia kwenye ubao tulioitundika sahani, vidole viwili chini ya ukingo wake.

Nilisimama hapo nikiwapa mgongo. Nikafikiri juu ya miaka kumi na minne. Nikafikiri juu ya hema, na dirisha la jikoni, na thamosi ya chai. Mfukoni nilikuwa na kile kijiti cha chuma tunachosukumia pini za bunduki. Vidole viwili ni nini? Nilikitoa, nikatoboa sahani chini ya yale matundu manne, ndani kidogo ya ukingo, mahali pa kuaminika. Nililitoboa kwa uangalifu, kama kazi ya mteja. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo.

Lyle aliliona tundu akaanza kutabasamu. Bi Opal aliinua sahani kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye tundu, kisha kwenye lile la Alhamisi, kisha akarudi.

"Risasi hula karatasi," alisema. "Inaacha duara, na kijivu cha risasi pembeni. Hii imechanwa." Aliiweka sahani mezani. "Dwight alau alipiga."

Lyle aliacha kutabasamu. Sikuwahi kutazamwa hivyo. Sijui kama nimewahi kumtazama Dwight hivyo, na mimi nilidhani nimefika mwisho wa dharau.

"Nilitaka uende," nilisema.

"Najua ulichotaka. Yeye alitaka nimsifu, wewe ulitaka nikushukuru. Ilikuwa wapi?"

"Vidole viwili chini."

"Bunduki au mkono?"

Ningeweza kusema bunduki. Angeniamini, na pengine ingekuwa ndiyo huruma. Lyle alikuwa akiniomba kwa macho.

"Mkono," nilisema. "Ulivuta. Na bega lilitangulia."

Alikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, kama anayemkagua mnyama sokoni. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Nenda na farasi wako. Mimi bado."

"Mama, ni vidole viwili tu—"

"Vidole viwili kwenye karatasi. Kwenye mnyama ni siku mbili za damu. Nenda, Lyle."

Tulisikia trela likiteremka mpaka kwenye lango. Alivaa glavu zake, akaitwaa bunduki na kuilaza tena barazani, mdomo wa mtutu ukielekea mlimani.

"Msimu una wiki tano," alisema bila kunitazama. "Kesho saa mbili tunaanza moja. Utakaa nyuma yangu na kuniambia bega likitangulia, kila mara, kwa sauti ninayoweza kuisikia. Na sahani nitaileta mwenyewe, hata nikifika huko adhuhuri."