Insha Isiyoliza

Bi Lorraine Winslett alipenda insha zinazomliza, na hilo lilijulikana na kila mtu katika shule ya sekondari ya Harlan Creek. Kila mwaka mfuko wa familia yake uliteua watoto wawili wasio na makaratasi ya uhamiaji, ukawalipia chuo. Katika jimbo la Georgia, Marekani, hilo halikuwa jambo dogo. Vyuo vikubwa vya jimbo vilikuwa vimewafungia mlango watoto hao, na vile vilivyowapokea viliwatoza karibu mara tatu ya wenzao waliokaa nao dawati moja tangu chekechea. Mtoto aliweza kuongoza darasa miaka yote, akaimba wimbo wa taifa kila mechi, halafu siku ya kuomba chuo akaambiwa kuwa yeye ni mgeni.

Noemí Arriaga, mshauri wa wanafunzi, aliijua habari hiyo kwa ngozi yake. Aliletwa kutoka Michoacán, Mexico, akiwa mtoto wa miaka sita, na chuo alikimaliza kwa kuungaunga, muhula mmoja darasani, miwili akisugua vyoo vya hoteli. Sasa alikuwa na makaratasi yake na ofisi yake ndogo iliyokuwa stoo ya mipira, na ulimi uliowasha kama upupu. Mwaka ule kulikuwa na wawili aliowapigania. Mmoja alikuwa Tobías, mvulana mpole aliyetaka kuwa muuguzi. Wa pili alikuwa Eulalia Pascual, ambaye kwao, kwa lugha ya milima ya Guatemala walikotoka, aliitwa Ewul.

Ewul alikuwa hodari wa hesabu na mkaidi kama nyumbu. Insha yake aliiandika juu ya daraja la mto wa pale mjini, kwa nini hutetemeka lori la kuku likipita, na kwa nini kutetemeka huko ndiko kunakolizuia lisivunjike. Noemí aliisoma mara mbili kwa furaha, kisha akamrudishia.

"Nzuri sana. Sasa kaandike nyingine."

"Kwani hii ina kasoro gani?"

"Haina jangwa."

"Jangwa gani tena, Mwalimu?"

"We Ewul, usinifanye mtoto mwenzio. Mama yako alikuvusha jangwa la mpakani. Bi Lorraine anataka jangwa, mpe jangwa."

"Nilikuwa nimelala mgongoni! Nilikuwa na miaka mitatu, nakumbuka nini mimi? Nikatunge kiu?"

"Kakumbuke kiu ya mama yako."

"Basi mama ndiye apewe hicho chuo."

Noemí alicheka, maana angefanya nini. Akamwambia kwamba hata yeye aliliuza jangwa lake, kwa watu wanne tofauti, na kila mmoja alilinunua kama jipya. "Wakishalia, wanatia saini. Ukishapata shahada yako, kajenge madaraja mpaka mbinguni, hakuna atakayekuuliza."

Ewul akaenda akaandika. Aliandika vizuri mno, kwa sababu hakujua kuandika vibaya, na jangwa lile likawa na mwezi, na nyoka, na mama aliyelowesha kitambaa kwa maji ya mwisho akampa mwanawe akinyonye. Wiki mbili baadaye Ewul na Tobías wakaalikwa kwa akina Winslett, chakula cha mchana cha Jumapili, baada ya ibada. Noemí aliwapeleka kwa gari lake. Njiani aliwakumbusha mara tatu: kushukuru, kutabasamu, kutosema siasa.

Kiwanda cha kuku cha Harlan Creek kilikuwa cha akina Winslett, na nusu ya mji ilikula kwa jasho la pale. Petrona, mama yake Ewul, alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye mkanda wa mashine wa kukatia nyama. Jumapili ile alikuwa zamu.

Mezani, bila shaka, kulikuwa na kuku. Bi Lorraine, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, aliwakumbatia wote watatu mlangoni. Mwanawe Grant, ndiye aliyeendesha kiwanda, aliwapa mkono akakaa akala. Tobías aliulizwa maswali, akajibu kwa adabu. Kisha Bi Lorraine akaushika mkono wa Ewul.

"Mpenzi, nililia usiku kucha kwa insha yako. Grant hajaisoma. Hebu msimulie. Kile kipande cha kitambaa."

Ewul alianza. Alifika kwenye mwezi, akanyamaza.

"Endelea, mpenzi. Mlidhani mtakufa?"

"Sijui," akasema Ewul. "Sikumbuki chochote. Ila kuna kitu nakikumbuka, naweza kukisimulia hicho."

"Bila shaka!"

"Ewul," akasema Noemí kwa sauti ya chini.

"Nakumbuka mama akinisuka nywele," akasema Ewul. "Sasa hawezi kumsuka mdogo wangu. Vidole vimejikunja, asubuhi anavifungua kimoja kimoja kwa maji ya moto. Kiwandani kwenu mkanda unakwenda mbio kuliko zamani. Muuguzi wenu alimpaka dawa ya kuchua akamwambia arudi kazini. Ameenda kwake mara nyingi, kila mara dawa ya kuchua. Hilo sikusimuliwa na mtu. Naliona kila siku."

Tobías aliinamia sahani yake kama anayetafuta kitu ndani ya mchuzi.

Grant aliweka uma chini, polepole. "Mama yako anaitwa nani?"

Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza saa. Noemí akasukuma kiti nyuma, akasimama.

"Swali hilo halijibiwi, Bwana Winslett."

"Nauliza tu nimsaidie."

"Umemsaidia vya kutosha. Watoto, tuondoke."

Garini, Noemí alipasuka. "Una wazimu? Chakula cha saa moja tu! Umeshindwa kufunga mdomo saa moja?"

"Aliniuliza."

"Alikuuliza jangwa! Na jina la ukoo wako lipo kwenye fomu, unadhani atashindwa kumpata?"

Ewul akaangalia dirishani. Kiti cha nyuma, Tobías alisema neno lake la kwanza tangu mezani: "Na mimi je?"

Jumatano barua pepe ikaja. Mfuko ulikuwa umeamua kutotoa ufadhili mwaka huo, ili kupitia upya utaratibu wake. Alhamisi Petrona akatolewa kwenye mkanda, akapelekwa chumba cha kutundikia kuku hai, mahali pa giza na mavumbi ya manyoya, ambako ndege anakukwaruza na kukunyea kabla hujamfunga miguu. Hakufukuzwa. Kufukuzwa kungeleta maneno.

Noemí alikwenda kwao jioni hiyo, kwenye nyumba ya bati iliyopangwa pamoja na nyingine nyuma ya kituo cha mafuta. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno ya kumpa Ewul. Akamkuta Petrona ameshaanza kumgombeza, na Ewul amekaa sakafuni, macho yamevimba.

"Nani kakutuma?" Petrona alikuwa akisema. "Eti? Mikono ni yangu mimi! Nimeikunja mwenyewe, nikijua naikunjia nini. Miaka kumi na mmoja sijamwambia mtu, ili wewe uende chuo. Umekwenda kuimwaga mezani kwao kama makombo!"

"Mama, ni kweli lakini."

"Kweli! Kweli naijua kuliko wewe. Kwani ilikuwa inakuuma wewe?"

"Bi Petrona," Noemí akaingilia, "kosa si lake peke yake. Yule Grant..."

Petrona akamgeukia. Alikuwa mwanamke mfupi, na Noemí hakuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku moja.

"Na wewe, Mwalimu, nyamaza kidogo. Wewe ndiye uliyemwambia akauze jangwa. Jangwa lile ni la nani? Yeye alikuwa amelala. Mle jangwani kuna mambo sijamwambia hata padri, na leo yule mama mzungu analilia usiku kitandani kwake. Mlikuja kuniuliza? Mlibisha hodi hapa, mkasema Petrona, tunaomba kiu yako?"

Noemí aliwaza juu ya mama yake mwenyewe, kule Michoacán alikorudishwa na kuzikwa, na wale watu wanne walionunua jangwa lake. Akaondoka bila kuaga sawasawa.

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Lorraine, akamkuta bustanini na glavu zake za maua.

"Tobías hakufanya lolote," akasema, hata salamu hakutoa. "Mpe cha kwake."

"Noemí, niliumia sana. Niliwafungulia nyumba yangu."

"Na mama wa mtoto umemfungulia chumba cha kutundikia kuku."

"Mambo ya kiwanda ni ya Grant, mimi sijui." Bi Lorraine alivua glavu moja. Macho yalianza kumlowa. "Nilimlilia yule mtoto. Hakuna shukrani siku hizi?"

"Ulilia, na ulifurahia kulia. Hayo ndiyo malipo yako, umeshayapata. Sasa lipa."

Kwa muda Noemí alidhani atafukuzwa. Bi Lorraine alijifuta macho, akafikiri, kisha akasema atampa Tobías nafasi, kwa sharti kwamba Ewul aandike barua ya kuomba radhi.

Noemí aliwaita wote wawili kwenye stoo ya mipira, akawaeleza. Moyoni alitamani mvulana asimame aseme hapana, heshima kwanza. Tobías alisugua magoti yake.

"Aandike," akasema. "Samahani, Ewul. Mimi nataka kuwa muuguzi. Ulichosema ni kweli, lakini hukuniuliza ukisema. Andika."

Ewul akavuta karatasi, akaandika sentensi tatu, akikandamiza kalamu hadi ikatoboa. Noemí aliipeleka barua hiyo mwenyewe, na hakuisoma.

Alichofanya usiku na mchana baada ya hapo kilikuwa kupiga simu. Alitukana mashine za kupokelea simu za majimbo saba. Aliituma insha ya daraja, ile ya kwanza, kila chuo kisichouliza makaratasi. Vingi havikujibu. Chuo kimoja kidogo huko Minnesota, kwenye baridi ambayo Ewul hakuwahi kuiota, kilimpokea na kumlipia karibu yote, na mwalimu mmoja wa uhandisi alimwandikia akibishana naye juu ya lori la kuku. Ewul alimjibu ukurasa mzima. Siku hiyo alimpikia mama yake tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda, na Petrona akala, ingawa bado alikuwa akimjibu kwa mkato. Chumba cha kutundikia kuku Petrona alikivumilia mpaka kiangazi, kisha akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini.

Mwezi Mei yalifanyika mahafali. Bi Lorraine alipanda jukwaani na bahasha, akasema machache juu ya ndoto, akalia, akamkumbatia Tobías. Ukumbi mzima ukasimama. Noemí alibaki ameketi, mikono mapajani, taya zimekaza. Petrona, aliyekuwa amekaa pembeni yake, alimgusa kiwiko.

"Piga makofi, Mwalimu."

"Siwezi, Bi Petrona. Nitamtapikia."

"Mtapikie kesho. Mtoto wa mwenzangu kapata chuo. Mimi vidole havifunguki, nipigie na yangu."

Noemí akasimama. Alipiga makofi kwa nguvu, akimkodolea macho yule mama pale jukwaani, na hakuacha hata watu wote walipokwisha kukaa.