Ufunguo wa Minza

Picha iliingia kwenye simu ya Method siku ya Jumanne, na kufikia Jumatano asubuhi kijiji kizima cha Kabungu kilikuwa na habari kwamba Minza wa mama Nyanzala amefukuzwa nyumba huko Ulaya na sasa analala kwenye gari.

Method, kaka yake Minza, ana duka la spea za pikipiki mjini, Makanyagio. Alikuwa amefunga duka mapema na kuja mpaka kijijini makusudi amwoneshe mama picha ya dada yake, wala hakujua kwamba analeta msiba. Minza alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari kubwa jeupe, kavaa ndala, kashika beseni. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka kwenye kioo cha pembeni cha gari hadi kwenye mti, na juu yake zilianikwa soksi nne na shati la Duarte, mume wake Mreno, yule fundi wa visima aliyekuja kuchimba maji wilayani na kuondoka na binti. Chini ya picha Minza alikuwa ameandika: "Mama, kwa sasa nyumba yetu ndiyo hii."

"Si kapendeza?" Method alisema.

Nyanzala aliipokea simu. Macho yake yalikuwa kwenye ile kamba ya nguo.

Kamba kama hiyo aliifunga yeye mwenyewe miaka mingi, kutoka kwenye mkokoteni wa maksai hadi mti wowote uliokuwa karibu. Yeye na marehemu mume wake walitoka Maswa na mifugo yao wakitafuta malisho, na Minza alizaliwa njiani, juu ya mkokoteni, upande wa huku wa Inyonga, maksai wakiwa bado wamefungwa nira. Walipopata mahali walilima, wakavuna mara mbili, kisha wakaambiwa mpaka wa hifadhi umepita katikati ya mahindi yao. Wakapakia. Walipohamia pengine wakaambiwa hivyo hivyo, wakapakia tena. Kwa hiyo kwa Nyanzala, na kwa kila Msukuma wa umri wake pale Kabungu, hakuna mtu anayelala juu ya magurudumu na kuanika nguo kwenye mti kwa kupenda kwake. Mtu huyo kaondolewa mahali, basi.

Ndiyo maana walipopata kiwanja chenye karatasi alijenga nyumba ya tofali za kuchoma, akaweka milango yenye vitasa vya kweli, na akaapa kwamba mtoto huyu hatalala tena njiani. Minza alipoolewa, mama yake alimtungia uzi wa shanga nyekundu na nyeupe. "Hizi si za kuvaa," alimwambia. "Zifunge kwenye ufunguo wa nyumba yako. Nikija nizikute pale."

"Mpigie," alisema sasa.

Method akapiga. Simu haikupatikana. Akapiga jioni, akapiga kesho yake, keshokutwa yake akapiga tena. Haikupatikana.

Siku ya Alhamisi jirani yao Josephina alikuja na kopo la sado lililojaa unga, kafunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda matangani. "Pole mama Minza. Na mume naye kafukuzwa, maana nimeambiwa shati lake limo. Kumbe hata Wazungu siku hizi wanahamishwa!" Alikuwa mwanamke mwema sana, na kila neno lake lilimchoma Nyanzala kama pilipili kwenye kidonda.

Usiku Nyanzala hakupata usingizi, na mchana hakupata hamu ya kula. Alikifagia kile chumba cha Minza ambamo hakuna aliyelala kwa miaka mitatu, akatoa magunia ya karanga, akatandika godoro jipya. Kisha akatoa uamuzi ambao Method aliusikia akakaa chini. Maksai wake wawili, ambao bila wao hakuna jembe litakalopita shambani mvua zikianza, wauzwe, Minza apate nauli ya kurudi nyumbani.

"Mama, utalima na nini?"

"Nitalima na mikono. Mwanangu halali barabarani mimi nikiwa na ng'ombe."

Mnunuzi, Alois, alifika Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Aliwazunguka maksai taratibu, akawafungua midomo, akawapiga makofi mgongoni. Nyanzala alisimama na kamba mkononi na hakutaka kuwaangalia machoni. Hapo hapo simu ya Method ikaita, na kwenye kioo chake kilichopasuka akatokea Minza, kavaa kofia pana, meno yote nje.

"Mwadila, mayu!"

Nyanzala alisahau hata kuitikia salamu. "Nani kawafukuza?"

"Kutufukuza? Wapi?"

"Usinifiche, ng'wanone, mwanangu. Picha nimeiona. Mnalala kwenye gari, nguo mnaanika kwenye mti. Nani kawatoa kwenye nyumba?"

Minza akaweka mkono mdomoni. "Mama! Hili gari tumelikodi. Tuko likizo! Tunatembea tu, wiki mbili, tunaona nchi. Huku porini mtandao ni wa kubahatisha, ndiyo maana hamkunipata."

"Mmelikodi," alirudia Nyanzala polepole. "Yaani mnatoa hela ili mlale njiani?"

"Ndiyo, mama."

"Na kwenye nyumba yenu analala nani?"

"Hakuna. Imefungwa."

Method alianza kucheka, mama yake akamtazama, akaacha. Minza akamweleza yote. Walianza na mji wao wenyewe, Lisbon, mji mkuu wa Ureno, ambamo ameishi miaka mitatu bila kumaliza kuuona kwa sababu ya kazi. Wakalala kando ya mto mpana, wakapanda vilima ambavyo hata tramu, treni ndogo ya barabarani, hupanda ikilalamika, na kwenye kichochoro kimoja Duarte akakwaruza kioo cha gari ukutani, bibi mmoja akamtukana kutoka dirishani mpaka wakatoka. Kisha wakavuka daraja refu kwenda mashambani. Akageuza simu. Nyanzala akaona nyika ya majani makavu, ng'ombe wekundu walionona wenye kengele shingoni, na miti iliyochunwa magome mpaka shina limebaki na rangi ya udongo mwekundu.

"Wanachonga mizinga?" Nyanzala aliuliza, maana magome ya namna hiyo huku huchunwa kwa ajili ya nyuki.

"Vizibo vya chupa, mama. Na mti haufi. Gome linaota tena."

Nyanzala aliitikia kwa kichwa. Yote yalikuwa mazuri, lakini watoto huficha mambo ili wazazi wasiumie, na yeye mwenyewe aliwahi kuwaandikia wazazi wake Maswa kwamba amepata nyumba nzuri huku anaandikia juu ya mkokoteni. Akasogeza uso karibu na simu.

"Nioneshe ufunguo."

Minza hakuuliza ufunguo gani. Aliingia ndani ya gari, wakaona jiko dogo, kitanda kilichotandikwa vizuri, na Duarte akimenya viazi, akapunga kisu na kusema "Shikamoo mama" kwa sauti kubwa mno. Akafungua droo. Akauinua ufunguo mbele ya simu, na chini yake zikaning'inia shanga nyekundu na nyeupe, zimechakaa kwa kushikwashikwa kila siku.

Nyanzala alikaa chini palepale, kwenye vumbi, miguu ya maksai ikiwa kando yake. Alilia, akacheka, akajifuta kwa kanga. Siku nne alikuwa amebeba jiwe kifuani, na sasa halikuwepo, mpaka akahisi njaa. "Haya," alisema. "Marahaba, mwambie mumeo. Mwadila, mwanangu."

"Mama," alisema Minza, na sasa hakuwa anacheka. "Nilitaka nijue kulala njiani kukoje. Umenisimulia mara ngapi kwamba nilizaliwa njiani, na mimi sikumbuki chochote. Tunakuja Desemba. Ule mkokoteni bado upo?"

"Upo nyuma ya nyumba. Kuku wanataga humo."

"Nataka utupeleke pale nilipozaliwa. Kwa mkokoteni, hivyo hivyo."

Mahali pale Nyanzala hakuwahi kufikiria kuparudia. "Ni mbali. Tutalala njiani siku kadhaa."

"Tutalala njiani, mama. Nyumba yako tutaifunga, ufunguo utakaa nao wewe."

Alois alikohoa. Alikuwa amesubiri kwa adabu muda wote huo, hela mkononi. "Sasa mama, hawa maksai tunafanyaje?"

"Hawauzwi," alisema Nyanzala, akainuka na kukung'uta vumbi. "Wana safari. Method, nenda kawatoe kuku, uangalie kama yale magurudumu bado yanazunguka. Na unga wa Josephina nisongee ugali, nimekaa na njaa tangu Jumanne."