Unga Juu ya Injini

Gereji ile ilikuwa safi kuliko majiko ya watu wengi. Sakafu ilimetameta, spana zilipangwa ukutani kwa urefu, na fundi mkuu alivaa ovaroli nyeupe, ndiyo maana wateja wakambandika jina la Daktari. Sheria yake ilikuwa moja: injini chafu haiguswi. Gari likiingia getini, kabla hata halijaulizwa linaumwa nini, lilifunguliwa boneti, likapigwa mvuke na sabuni hadi likatakata, ndipo Daktari alipolisogelea.

Mwoka mikate alikuwa amepeleka kigari chake pale mara nne. Ugonjwa wenyewe haukuwa wa kificho. Kikipanda kilima cha kwenda shule ya bweni, kimesheheni mikate, mshale wa joto ulipanda nacho, na maji ya rejeta yalipungua bila mtu kujua yanakokwenda. Daktari alibadilisha kifuniko cha rejeta. Akabadilisha pampu ya maji, kisha rejeta yenyewe. Kila mara aliwasha injini palepale uani, akaisikiliza ikinguruma kwa adabu, akatangaza kwamba imepona. Kila mara kilima kilimuumbua, ila aliyeona aibu ni mwoka mikate, aliyesimama kando ya barabara na boneti juu huku wanafunzi wakisubiri kifungua kinywa.

Safari ya nne Daktari alichoka kuulizwa. Alimvuta pembeni mume wa mwoka mikate, kana kwamba mwenye gari ni jiwe, akamwambia kuwa gari ni zima na mgonjwa ni dereva. Mume alikuwa mtu mpole, maisha yake yote mbele ya tanuri, hajui hata klachi inakanyagwa kwa mguu gani. Alilibeba neno lile hadi nyumbani kama alivyokabidhiwa. Na nyumbani alikuwapo mdogo wake, ambaye tangu aachishwe kazi ya kuendesha lori alikuwa anakimezea mate kile kigari. Ikaamuliwa, yaani wawili wakaamua mbele ya wa tatu, kwamba kuanzia Jumamosi asubuhi shemeji atashika usukani. Atakabidhiwa gari gerejini, Daktari akiwa shahidi. Mwoka mikate atabaki na kuoka.

Alijua vizuri anachopokonywa. Alijifunza kuendesha akiwa na miaka arobaini na mitatu, akichekwa na wake kwa waume, na ile safari ya alfajiri, yeye peke yake na mikate ya moto barabarani, ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna mtu aliyemwita amletee kitu. Ilimuuma. Alilia, tusifichane, na alilia huku anakanda, maana unga ukishaumuka haungoji mtu amalize kulia.

Katika kukanda huko, siku ya Ijumaa, ndipo alipoona kitu. Jagi lake la maji lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Wiki nzima hakuuona, kwa sababu kila alipolishika jagi alilifuta kwanza. Leo alikuwa amelisahau juu ya meza yenye unga, na unga ulikuwa umesema yote: chini ya ufa palikuwa na donge dogo bichi, na kutoka kwenye donge, mchirizi mpaka ukingoni. Mwoka mikate aliacha kukanda. Akaanza kucheka peke yake. Kumbe kila alipokwenda kushtaki, kule getini walikuwa wanamfutia ushahidi.

Jumamosi alfajiri, injini ikiwa baridi, alifungua boneti akiwa na chekeche lake. Aliinyunyizia injini unga mwembamba, kwenye mipira ya maji na kwenye viungo vyake, hadi kule nyuma kabisa ambako mtu mvivu hafikishi mkono. Mkanda wa feni aliukwepa. Kisha akapakia mikate na kukikabili kilima kwa gia ndogo na mguu mwepesi. Mshale ulipanda, na kwa mara ya kwanza aliutazama kwa furaha. Alipumzika kileleni mpaka ukashuka, akateremsha mikate shuleni kabla kengele haijalia, akageuza moja kwa moja hadi gerejini. Mume na shemeji walikuwa wameshafika. Shemeji alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya kukabidhiwa.

Mwoshaji alikuja na bomba lake la mvuke kama kawaida. Mwoka mikate alijisimamisha kati yake na gari, mikono kiunoni.

"Leo hakioshwi," alisema. "Niitieni Daktari kwanza."

Daktari alifika amekunja uso, na alipoona unga akauliza ni nani aliyeichafua injini namna ile. Mwoka mikate alijibu kwamba ni yeye, akamwomba ainame atazame. Kuinama hakukumpendeza Daktari hata kidogo, lakini mafundi wake walikuwa wameshasogea na wateja wawili wamepanda juu ya benchi ili waone vizuri. Ilimbidi ainame.

Injini yote ilikuwa nyeupe na kavu, isipokuwa kule nyuma, chini ya mpira mmoja mdogo wa maji. Hapo unga ulikuwa umegeuka donge, na chini ya donge ulishuka mchirizi wa kijani, rangi ileile ya maji ya rejeta. Daktari aliuminya mpira kwa kitambaa. Tundu dogo kama la sindano likafumbuka na kutema tone. Injini ikinguruma uani bila mzigo, tundu lilijifunga. Mlimani, maji yakichemka na kusukuma, lilifunguka, na alama zote lilizoacha zilioshwa getini kabla jicho la fundi halijazifikia.

Daktari alinyooka. Ovaroli yake ilikuwa na unga kifuani. Kwa haki yake tuseme kwamba hakuzunguka mbuyu.

"Mama, nilikusingizia," alisema mbele ya watu wote. Kisha akamgeukia mume. "Mzee, dereva wako hana kosa. Miezi miwili hii, aliyekuwa anauficha ugonjwa ni mimi."

Mwoka mikate alikuwa ameandaa maneno makali tangu jana. Aliyatafuta, akakuta hayahitaji tena. Furaha ilimjaa, akawaachia waione, kwa kuwa alikuwa ameilipia kwa machozi yake mwenyewe.

Daktari aliubadilisha mpira kwa mikono yake, hakumwachia fundi mwingine. Kazi ilipokwisha, mume, ambaye kwa muda wote alikuwa anakagua viatu vyake, alikwenda kumfungulia mkewe mlango wa dereva, akausimamia mpaka alipokaa. Shemeji alibaki katikati ya uwanja, hajui aende wapi na kidevu chake kipya.

"Kazi ipo, shemeji," mwoka mikate alimwambia kupitia dirishani. "Mikate ya mchana inataka mtu wa kuishusha."

Shemeji alimtazama kaka yake, na kaka yake akatazama juu. Basi akazunguka upande wa abiria, akaingia, akafunga mkanda bila kuambiwa.