Plagini Nne

Mtaani walimwita Flashi, naye hakuona ubaya. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepiga picha za harusi, mahafali na vitambulisho katika studio aliyoachiwa na babake, na wateja waliijua sauti yake: "Kidevu juu, pumua, usinikodolee macho kama mimi ni polisi." Lakini picha alizozipenda mwenyewe zilikuwa nyingine kabisa. Zilikuwa za mikono ya watu kazini: mchomea vyuma, mkunga, mwokaji mikate, fundi saa. Hizo hakuna aliyewahi kuziagiza.

Jumatatu moja akasoma tangazo la hospitali iliyokuwa ikimalizia jengo jipya. Walitaka picha za watu wakiwa kazini, zitundikwe kwenye kuta za ghorofa tatu. Kila mpiga picha atume anwani ya tovuti yake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Bahasha hazipokelewi.

Flashi hakuwa na tovuti. Akampigia fundi wa tovuti aliyemfahamu.

"Siku nne?" fundi akacheka. "Dada yangu, labda mwezi ujao. Na usijaribu mwenyewe, utajikaanga."

"Basi nitajikaanga kwa mafuta yangu," akasema, akakata simu.

Kurasa zenyewe hazikumsumbua sana. Kilichomtoa jasho ni plagini, vile vipande vya programu unavyopachika kwenye tovuti ili ifanye kazi ambayo yenyewe haijui. Zilikuwa maelfu, na kila moja ilijisifu kuliko mchuuzi wa mnadani.

"Bado unachagua tu?" babake akauliza kutoka kwenye benchi la mlangoni. Presha ya macho ilikuwa imemchukulia nuru yake miaka sita nyuma, lakini hakuna aliyeweza kumzuia kuja studio kila asubuhi. "Mchagua nazi hupata koroma."

"Na asiyechagua hupata mbovu, Baba."

Kufikia Jumanne alasiri alikuwa amepachika plagini kumi na nne. Moja ilirusha picha hewani kama karata. Moja iliandika jina lake juu ya kila picha ili wezi wakome. Moja ilipiga muziki. Akamtumia anwani dada yake mkubwa, mshonaji wa mji wa mbali mwenye simu ya zamani, kisha akampigia.

"Nimefungua," dada akasema. "Naona kiduara kinazunguka. Ndiyo picha yenyewe?"

"Subiri kidogo, dada."

"Mdogo wangu, tangu nianze kusubiri nimeshapinda suruali mbili."

Jumatano asubuhi akaongeza ya kumi na tano, iliyoahidi kuipa tovuti kasi. Tovuti nzima ikawa nyeupe kama shuka. Hakuna picha, hakuna jina, hakuna kitu.

Flashi akatazama ule weupe kwa muda. Siku mbili zimekwenda na maji. Kisha akafungua daftari, akazima plagini zote, akaanza kuziwasha moja moja, na kila akiwasha anafungua tovuti kuangalia. Alipowasha ile ya kumi na tano, weupe ukarudi. Kumbe hiyo na ya nne zote zilikuwa zikipunguza ukubwa wa picha, na mafahali wawili hawakai zizi moja. Akaing'oa ya kumi na tano.

Alipoonja damu hakusimama hapo. Kila plagini akaihoji: wewe unanisaidia nini? Muziki ukaenda. Ile ya kuandika jina ikaenda, maana ilikuwa ikiandika juu ya vidole vya mkunga. Mwishowe akakwama kwenye mbili za kupanga picha: ile ya kuzirusha kama karata, ambayo aliipenda, na nyingine iliyozilaza tu kama nguo zilizopigwa pasi.

"Nipe anwani nami nitazame," babake akasema.

Simu ya babake ilimsomea kila kitu kwa sauti. Akaifungua tovuti yenye karata. Simu ikasema, "Picha. Picha. Picha. Picha."

"Hii nini, unahesabu mbuzi?"

Flashi akaweka ile nyingine, iliyoacha nafasi ya maelezo chini ya kila picha. Simu ikasema, "Mkono wa mchomea vyuma."

Mzee akainua uso. "Mkono upi? Unafanya nini?"

"Hapo nimeandika hivyo tu."

"Basi andika. Mimi sijatosheka."

Karata zikaishia hapo. Alhamisi kutwa Flashi aliandika maelezo, na babake akayapinga.

"Mikono mizuri ya mkunga," alisoma.

"Uzuri nitauonaje? Niambie kilichopo."

Akaitazama tena picha aliyoipiga miaka saba iliyopita. "Mkono wa kushoto umekingama chini ya kichwa cha mtoto. Kidole cha mwisho kimefungwa plasta, amekiinua kisimguse."

Mzee akakunja kidole chake mwenyewe. "Nyingine," akasema.

Nyingine ilikuwa ya moshi mwingi na mtu ndani yake. "Anafanya nini?"

"Sijui. Moshi umependeza."

"Basi ulipiga moshi."

Flashi alitoka nje kwa hasira, akazunguka jengo, akarudi, akaifuta. Picha yoyote aliyoshindwa kumweleza babake aliitoa, hata zile alizokuwa akijivunia miaka mingi. Kutoka sitini zikabaki ishirini na nne. Plagini zikabaki nne: ya kupanga picha, ya kuzipunguza ukubwa, ya ulinzi, na ya fomu ya mawasiliano.

Ijumaa asubuhi akampigia dada yake.

"Imefunguka kabla sijatunga uzi," dada akasema. "Huyu mwokaji, mbona ana unga mpaka kwenye kiwiko?"

Saa tano na nusu akatuma anwani.

Baada ya wiki tatu, ujumbe wa hospitali ukaingia kupitia fomu: aje ofisini. Mama aliyesimamia jengo jipya alimweleza bila kuzunguka kuwa ghorofa mbili zimekwenda kwa mpiga picha mwingine, na yeye amepewa moja. Flashi akahesabu kimoyomoyo: moja kati ya tatu. Alikuwa ametaka zote.

"Haya maelezo chini ya picha," yule mama akauliza, "ameandika nani?"

"Mimi na babangu."

"Tunayataka nayo ukutani. Kwa herufi kubwa."

Akatia sahihi, akaenda kupima kuta kwa futi yake mwenyewe, halafu akarudi studio. Babake alisikia hatua zake kabla hajasalimu.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili. Lifti bado haijawekwa, Baba."

"Ngazi ngapi?"

"Thelathini na sita."

"Ukishatundika picha," mzee akasema, akitafuta fimbo yake chini ya benchi, "nitazipanda."